Nafasi ya Shemeji

Dada yangu anaoka mikate, na akitoka kuoka anapiga gitaa. Nimetanguliza mikate makusudi, maana kuna watu wakimsifia mtu wao huanza na yale yanayong'aa, halafu yale yanayomlisha wanayasukumia uvunguni. Yeye mwenyewe ukimuuliza kazi yake atakuambia mwokaji. Habari za gitaa utazijua baadaye, ukishamzoea, na pengine usizijue kabisa kama umemkuta amenuna.

Na kununa anajua. Ni mtoto wa kwanza kwetu, mimi ni wa mwisho, na katikati hapo wapo wengine ambao wote aliwabeba mgongoni na wote aliwachapa. Mama alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, kwa hiyo aliyenipeleka shule siku ya kwanza ni dada, aliyenisuka ni dada, na aliyekwenda kumfokea mwalimu aliyenivuta sikio ni dada huyo huyo, akiwa bado na aproni ya kazini. Leo mimi ni msusi, nina saluni yangu na mdomo wangu, na wateja wananiogopa kidogo. Ila dada akitokea mlangoni nanyoosha mgongo.

Mikono yake ina alama za tanuri kuanzia kwenye vifundo hadi viwikoni. Trei ikitoka motoni haimuulizi mtu kama yuko tayari. Zamani nilikuwa namshauri avae nguo za mikono mirefu kwenye sherehe, nikidhani namsaidia. Akanijibu, "Nikivaa mikono mirefu, gitaa nitalipigaje?" Sikumwambia tena.

Gitaa lenyewe alilipata pamoja na mume. Shemeji yangu ni fundi umeme. Aliitwa pale kiwanda cha mikate kutengeneza tanuri lililokuwa likizimika katikati ya kazi. Akalitengeneza. Wiki iliyofuata likazimika tena, akarudi, na iliyofuata hivyo hivyo. Mwishowe kila mtu alijua tanuri halina ugonjwa wowote: bwana alikuwa analegeza waya mmoja kila akiondoka ili apate sababu ya kurudi kumwangalia dada. Katika hizo rudi-rudi zake akatunga wimbo, akauita "Unga Shavuni," na siku alipouimba mbele ya wafanyakazi wote, dada kashika lile koleo refu la kutolea mikate, nusura amtwange nalo. Wakaoana.

Shemeji alikuwa mpiga solo, na simtilii chumvi. Alikuwa akilicharaza gitaa mpaka watu wanasahau kula. Sasa, mke wa mpiga solo kazi yake inajulikana: akae meza ya nyuma, ashike koti, ailinde soda ya mume isiingie nzi. Dada aliikaa hiyo meza ya nyuma muda, ikamchosha. Akamwambia, "Nifundishe na mimi, au koti lako ulitafutie msumari." Akafundishwa gitaa la ridhimu, lile linalokaa katikati likiushikilia wimbo usianguke wakati wengine wanajionyesha. Sauti alikuwa nayo tangu utotoni, ya kutuita sisi kutoka mtaa wa tatu, kwa hiyo na uimbaji akauchukua.

Bendi yao inafanya mazoezi mchana katika ghala la unga la hicho kiwanda, tanuri zikishapoa na mikate ikishapelekwa madukani. Besi anapiga dereva wa gari la mikate, ambaye tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Dramu anapiga mlinzi wa getini, na huyo tunamwita Mkurugenzi kwa jinsi anavyowahoji wageni. Magunia yamepangwa kuta zote hadi karibu na dari. Vyombo vinafunikwa mashuka, lakini unga ni unga, unapita popote, na mazoezi yakiisha wote wanatoka na kope nyeupe. Wanajiita Bendi ya Ghalani. Wamepiga kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye ufunguzi wa maduka, hata kwenye msiba mmoja ambao marehemu mwenyewe aliacha ameagiza.

Kisha shemeji akaanguka. Ilikuwa asubuhi, ananyoa ndevu, wembe ukamponyoka mkononi, halafu na yeye akaufuata sakafuni. Kiharusi. Namshukuru Mungu hakufa. Maneno yake yalirudi yote, na utani wake wote, na kwa fimbo akaweza kutembea. Lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala. Kwa mpiga gitaa, mkono wa kushoto ndio unaotembea kwenye shingo ya gitaa ukibana nyuzi na kuchagua sauti. Wa kulia unacharaza kile ambacho wa kushoto umeshaamua. Pale hospitali kuna chumba cha mazoezi ya viungo, na huko alikuwa akikalishwa na kupewa mpira mdogo, ashike, aachie, ashike, aachie. Kuachia hakukuwa na shida. Mpira ulikuwa ukiviringika hadi mlangoni, dada anaufuata.

Bendi ilinyamaza kwa muda. Dada alipokata shauri kwamba sasa wanarudi mazoezini, alimchukua na mumewe, akamkalisha kwenye gunia la unga karibu na dramu, pale pale alipozoea kusimama. Wakaanza na "Unga Shavuni." Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, kisha ikafika nafasi ya solo. Dada akanyamaza, akawa anakung'uta ridhimu polepole. Kimya akaishusha besi. Mkurugenzi akawa anazigusa dramu kwa mbali. Wote wakatazama sakafuni hadi urefu wa solo ukaisha, ndipo dada akaingia na ubeti wa tatu. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Ila kuanzia siku hiyo kila wimbo wenye nafasi ya shemeji ulipigwa namna ile, nafasi yake ikaachwa wazi kama sahani iliyofunikwa ya mtu aliyechelewa kazini. Kwenye sherehe alikuwa anakuja nao, anakaa nao jukwaani, na nafasi yake inaachwa.

Mimi nilikuwa nakwenda kuwasikiliza, na naapa sikuona kasoro. Tulikuwa tunaisikia ile solo. Kila mmoja alikuwa anaisikia kichwani mwake ndani ya ule ukimya, kwa hiyo kwetu wimbo ulikuwa mzima. Kwenye harusi washereheshaji walidhani wameachiwa muda wa kutangaza kwamba chakula kiko tayari, na sisi tukawachukia kwa kuongea juu ya solo ya watu. Niliona ni heshima kubwa anayopewa shemeji. Nilijivuna kabisa saluni, kwamba sisi kwetu mtu akiugua hatoki kwenye bendi.

Wazo la tamasha lilitokana na hasira, kama mambo mengi ya dada. Alimsindikiza mumewe hospitali kwenye mazoezi ya viungo, akakuta vile vyuma viwili ambavyo wagonjwa huvishikilia wanapojifunza kutembea upya, kimoja kimelegea, kimefungwa kwa kamba. Mama mmoja alikuwa amekataa kukishika, amekaa chini analia. Mtaalamu wa viungo wa pale, binti mpole ambaye wagonjwa wote wanamwita Mwalimu, akasema ameomba vyuma vipya mpaka amechoka. Dada akamwambia pale pale, "Tutafanya tamasha. Watu watachanga." Hakuwa amemuuliza mtu. Kimya alipopewa habari aliongea kutoka ghalani hadi duka la mwisho la mikate bila kumeza mate, kisha akasema yuko tayari.

Watu wa redio nao walikubali kulitangaza tamasha kila siku, kwa sharti moja: wapelekewe wimbo wa bendi uliorekodiwa vizuri, wa kuweka kwenye tangazo. Walichokuwa nacho ni rekodi ya kwenye simu, ambayo katikati yake Kimya anapiga chafya. Basi ikabidi waende studio. Walikuwa hawajawahi kuingia studio maishani. Mazoezi yalikazwa wiki nzima, dada akiwafokea kama tunavyofokewa sisi nyumbani, na siku ya siku ikafika, nikafunga saluni niende nao. Nani angeniacha nyuma?

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri vya magari, kuta zimebandikwa magodoro. Fundi mitambo alikuwa kijana mwenye adabu, akatukaribisha "wazazi wangu," akawapangia maikrofoni, akampa shemeji kiti kizuri kwenye kona. Walipiga "Unga Shavuni" vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia. Dada alipomaliza ubeti wa mwisho nilikuwa nimesimama bila kujijua.

Fundi akaturudishia wimbo kwenye spika zake. Akatikisa kichwa kwa raha kwenye ubeti wa kwanza, akatikisa kwenye wa pili. Kisha kichwa kikasimama. Akasogeza uso karibu na mitambo, akagusa hiki, akagusa kile, akageuka.

"Samahani, mama. Hapa mmemsahau nani?"

Spika zikaendelea. Ridhimu ikikung'utwa taratibu, besi chini, dramu kwa mbali, na juu yake hakuna kitu. Ghalani palikuwa na magunia, palikuwa na shemeji mwenyewe na kope zake nyeupe, na sisi tukimwona tulikuwa tunasikia. Kwenye spika hakuonekana mtu. Ilikuwa mara ya kwanza tunausikia wimbo kama anavyousikia mpita njia, na ulikuwa na shimo katikati. Nikaona aibu, na nikakasirika kwa kuona aibu.

"Si kosa kubwa," yule kijana alisema haraka, kwa kuwa nyuso zetu zilimwogopesha. "Naweza kukata kipande hicho nikaunganisha. Haitajulikana kabisa kama palikuwa na kitu. Au kuna mpiga solo mmoja mtaa wa pili, nimpigie simu aje ajaze."

"Kata tu," alisema Mkurugenzi, macho yakiwa kwenye fimbo zake za dramu. "Redio wanasubiri."

"Hukati," alisema dada.

"Basi nimwite yule ajaze?"

"Humwiti mtu."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Sijui ufanyeje. Ninachojua hukati."

Ndipo tukasikia kiti cha kwenye kona kikisogea. Shemeji alikuwa amesimama. "Kijana, kata," alisema. "Wimbo nimeutunga mimi, na mimi ndiye nasema kata." Akashika fimbo yake, akatoka nje.

Dada akamfuata, nami nikamfuata dada, maana sijaumbwa kubaki nyuma ya mlango. Shemeji tulimkuta ameegemea rundo la matairi mabovu.

"Nikikata pale ni kama nimekukata wewe," dada alimwambia. "Halafu utarudi mazoezini ukae wapi?"

"Na sasa hivi nakaa wapi? Kwenye gunia." Hakupandisha sauti. "Nakaa nawatazama mnavyoninyamazia. Kila wimbo mnafika pale, mnainamisha vichwa, mnanizika. Halafu mnaendelea na ubeti wa tatu. Kesho mnanizika tena."

Heshima yote ile niliyoitangazia mji mzima, kumbe mwenyewe ilikuwa inamkaba koo.

"Kwa nini hukusema?" dada aliuliza.

"Ungenuna."

Ilikuwa kweli, na dada alijua ni kweli, akapangusa uso kwa mkono. "Unataka nini, baba? Sema. Sinuni."

"Nataka ile solo isikike. Watu waisikie kwa masikio, sio sisi wanne tuiote. Kama haiwezi kusikika, ikatwe, nikae kwangu nijue moja."

"Isikike kwa mkono gani?" Lilimtoka dada tu. Akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Shemeji hakukasirika. Alimtazama mikono, ile yenye alama za trei, akaitazama kwa muda. "Wa kulia ninao," alisema. "Wa kushoto niazime wewe."

Yule kijana wa studio, Mungu ambariki, alituambia turudi mwisho wa wiki. Jioni ile ile gitaa la shemeji likashushwa kutoka juu ya kabati. Nilikuwepo, namsuka binti yao sebuleni, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Walikaa kwenye kochi bega kwa bega, gitaa mapajani mwa shemeji, dada upande wake wa kushoto. Mkono wa kushoto wa dada ukashika shingo ya gitaa. Mkono wa kulia wa shemeji ukakaa kwenye nyuzi. Kilichotoka hapo, paka wa jirani aliondoka dirishani.

"Panda," shemeji alisema.

"Nimepanda."

"Umepitiliza. Shuka."

"Wewe umecharaza kabla sijafika!"

"Nimecharaza kwa wakati. Wewe ulikuwa bado uko jikoni."

"Jikoni ndiko unakokula, usisahau."

Binti yao akaniuliza chini chini, "Mama mdogo, wanagombania gitaa?" Nikamwambia ndiyo, na nyamaza, nywele zitaharibika.

Tatizo lilikuwa hili. Dada ana mkono wa ridhimu, umezoea kukaa mahali pamoja ukishika nyuzi zote kwa mpigo. Solo inataka vidole vikimbie kimoja kimoja juu ya shingo ya gitaa kama watoto wanaopanda ngazi. Kuijua aliijua yote. Aliweza kuiimba kutoka mwanzo hadi mwisho, ameisikiliza maisha yake yote ya ndoa. Vidole ndivyo vilikuwa havijui. Na hata vilipoanza kujua, wawili wale hawakukutana: mmoja alibana wakati mwenzake ameshapita. Wakajaribu kutazamana usoni ili waende pamoja, ikawa mbaya zaidi, maana wakitazamana wanaanza kugombana.

Siku tatu nilipita pale nikitoka saluni nikawakuta kwenye hali hiyo. Siku ya nne nilikuta ukimya. Nikadhani wameachana na gitaa au wameachana wao. Nikachungulia. Walikuwa wamekaa vile vile, wote wametazama ukutani, hakuna anayemwangalia mwenzake, wameegemeana mabega. Kisha wakaanza, na solo ikatoka. Nzima, ile ile. Dada alinieleza baadaye kwamba bega la shemeji husogea kidogo sana kabla hajacharaza, na ukiliegemea unalisikia, ukishalisikia unajua pa kwenda. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu begani, nikalia kama mjinga. Mimi si mtu wa kulialia, mniulize popote.

Studio wakarudi. Fundi mitambo akaleta benchi, akaweka maikrofoni moja mbele yao, akawawekea masikioni ule wimbo wa juzi, wao wakaujaza mahali palipokuwa patupu. Walirudia mara kadhaa kwa sababu dada alikuwa anatukana akikosea. Mwishowe ikakaa. Yule kijana akatusikilizisha, akacheka peke yake, akasema, "Kuna mahali mzee anasikika akisema 'panda.' Niitoe?"

"Iache," alisema shemeji. "Bila hiyo huyu hapandi."

Dada akamkanyaga ule mguu wake ulio mzima.

Wimbo ulipoanza kuchezwa redioni, saluni kwangu kazi ilisimama. Kila tangazo lilipoanza nilipandisha sauti na kumwacha mteja nusu kichwa. Mteja mmoja, mtu wa kujifanya anajua kila kitu, akaniuliza huyo mpiga solo wamemtoa wapi. Nikamwambia ni dada yangu na shemeji yangu. Akasema, hapana, hilo ni gitaa moja, mimi nina masikio. Nikamwambia ndiyo, ni gitaa moja. Akanitazama kama mtu aliyenusa kitu. Nikamwambia njoo tamashani uone kwa macho, na uje na wasioamini wenzako. Alikuja nao. Kwa kweli nusu ya watu waliojaa uwanja wa shule siku ile walikuja kuhakikisha kama msusi ni mwongo.

Ilikuwa mchana wa jua zuri. Mwalimu wa viungo alikuwa amewaleta wagonjwa wake, wamekaa mstari wa mbele, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine na fimbo zao mapajani. Bendi ya Ghalani ilivaa mashati ya rangi moja, na kwa mara ya kwanza nikawaona hawana unga. Na mimi nilikuwa jukwaani. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya benchi na kulipokea gitaa la ridhimu dada anapolivua ili akashike la solo. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa katika muziki, na niliifanya vizuri.

"Unga Shavuni" waliiweka mwisho. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio. Dada akanipa gitaa, akakaa kushoto kwa mumewe, wakaegemeana. Mkono wake ukashika shingo, mkono wa shemeji ukashuka kwenye nyuzi, wakaingia. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Watu wa nyuma walipanda juu ya viti. Yule mteja wangu nilimwona ameshika kichwa nilichomsuka mwenyewe. Nilivimba. Nilimtazama dada yangu aliyenibeba mgongoni, amekaa pale mikono wazi, alama zake zote juani, na nikatamani kila mtu aliyewahi kumwona kama mke wa mpiga solo tu awe amesimama mahali pale.

Solo yao inazunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Ndipo shemeji akaondoa mkono.

Hakuchoka wala hakukosea. Nilikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote, niliona. Aliuinua mkono kwenye nyuzi, akalisukuma gitaa taratibu likahamia mapajani mwa dada, kisha akauweka mkono wake gotini. Dada akabaki ameshika shingo ya gitaa, hakuna anayecharaza. Na ule ukimya wetu wa zamani ukarudi, mbele ya umati mzima. Kimya akaishusha besi kwa mazoea. Mkurugenzi akaanza kutazama sakafu.

Dada alimgeukia mumewe na yale macho yanayomaanisha tutaonana nyumbani.

"Unaijua," shemeji alimwambia. "Ipige."

Akaipiga. Mkono wake wa kulia ulishuka kwenye nyuzi kama unaoshuka kwenye donge la unga mezani, mzito, hauombi ruhusa. Haikufanana na ya shemeji. Sauti zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule aliopanga yeye, lakini ya shemeji ilikuwa inabembeleza, na hii ilikuwa inadai. Kidole kimoja kiliteleza mahali fulani, akakirudisha, akaendelea kupanda bila kuambiwa na mtu. Mkurugenzi aliinua kichwa. Kimya akaipandisha besi. Shemeji alikuwa ameinama mbele, kiwiko gotini, mdomo wazi kidogo, anamtazama kama walivyokuwa wanamtazama wale wote waliokuwa chini.

Ubeti wa tatu aliuimba akiwa amekaa hapo hapo benchini, na makofi yalipoanza akamwinamia mumewe sikioni. Nilikuwa nimelikumbatia gitaa la ridhimu, sikusogea, nikasikia kila neno.

"Kwa nini umeniachia katikati ya watu?"

"Nilitaka kuisikia," shemeji alisema. "Tangu niitunge sijawahi kukaa nikaisikia. Kila siku nilikuwa kazini."

"Na ikoje?" dada aliuliza.

"Mwishoni uliwahi kidogo." Kisha akamwegemea bega. "Ni nzuri, mama. Kumbe ni nzuri hivyo."

Mshereheshaji akapanda jukwaani na maikrofoni yake kuwataja wanamuziki mmoja mmoja. Akamtaja Kimya, akamtaja Mkurugenzi, akamtaja dada kwa uimbaji na kwa ridhimu. Halafu akafika kwenye benchi, akawatazama wale wawili na gitaa lao moja, akaishusha maikrofoni. "Na kwenye solo," aliuliza chini chini, "nimtaje nani?"

Sote tulimtazama shemeji. Kimya mwenyewe hakusema neno.

"Solo ni mke wangu," alisema shemeji.

"Na wewe, mzee wangu? Nikutaje kama nani?"

Shemeji alimtazama dada, akawatazama na wale wa mstari wa mbele, akajinyoosha pale benchini. "Sema mtunzi," alisema. "Sema mtunzi yupo, anasikiliza."

Mshereheshaji akalitangaza hivyo hivyo, neno kwa neno, na wale wa mstari wa mbele, ambao wengi mikono yao haikuweza kupiga makofi, wakachukua fimbo zao wakazigonga ardhini, wakagonga, wakagonga, mpaka dada akasimama akampa mumewe mkono, na shemeji akasimama.